Kijiko cha Wattie

Tomnabrae, 9 Oktoba 2003

Mjukuu wangu Morven,

Nakuandikia nikiwa mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kwenda chini usiulize. Daktari anataka kunibadilisha nyonga, nami nimemwambia abadilishe kwanza ngazi za zahanati yake. Kuku wamebaki wanne. Wa tano alichukuliwa na mbweha, yule mwekundu mwenye kiburi, kwa hiyo simlilii. Nettie wa jirani anakusalimu. Bado hajanirudishia sufuria.

Herufi zangu utazivumilia. Wajua nilikojifunzia kusoma: kwenye vichwa vya mapipa matupu uani, babu yako akinionyesha kwa kidole, hii T, hii O, hii mia tatu na sita. Kwa hiyo naandika kama pipa. Wewe ulisomeshwa na mapipa hayohayo, soma na usicheke.

Chupa yako nimeipata. Asante, ingawa karatasi uliyoifungia ilikuwa nzuri kuliko lebo. Nimemwuliza Nettie, nimemwuliza mtu wa posta, nimewauliza wachunga kondoo wawili: hakuna anayelijua hilo bonde la Glen Urlan. Mimi nilizaliwa hemani, Morven. Kabla sijaolewa nilikuwa nimeyatembea mabonde yote ya upande huu nyuma ya mkokoteni wa baba, akiuza vikombe vya bati mlango kwa mlango. Bonde hilo halipo. Na yule paa mwenye mapembe kwenye lebo, anamtazama nani? Lakini nilipofungua kizibo nilikaa chini. Harufu ile nimeifua kwenye mashati ya Wattie miaka thelathini na moja. Ni ya hapa. Mmeinunua hapa, mkaibatiza jina la uongo, mnaiuza pauni kumi na moja na peni tisini na tisa. Usiniambie ni siri ya kazi. Pua yangu haikutia sahihi popote.

Sasa neno lenyewe. Kiwanda kimelala miaka kumi, na mwezi wa tano kinafunguliwa tena. Wenyewe wapya wanatengeneza sebule ya wageni, na ukutani wataweka ubao wenye majina ya watunza maghala wote tangu mwanzo, kwa rangi ya dhahabu. Nilikwenda kuuliza. Meneja ni binti mdogo, Shona Leitch, ana adabu, alinipa kiti. Akafungua daftari.

"Bi Elspet, jina la mumeo halimo."

"Kafanya kazi humu miaka thelathini na moja."

"Imeandikwa alifukuzwa kwa kutotimiza kazi yake. Mimi sikuwepo. Niletee karatasi yoyote inayosema vingine, nitaliandika kwa mkono wangu."

Ulikuwa chuoni Edinburgh mambo haya yalipotokea, na hatukukuambia yote. Kiwanda kilipouza mapipa kwa watu wa nje, kiliagiza kila pipa litiwe kijiko kimoja cha wiski ya kiwanda kingine. Kijiko cha chai, ndani ya lita mia mbili na hamsini. Hakuna ulimi duniani utakaokisikia. Lakini pipa likishatiwa kijiko si la kiwanda kimoja tena, na aliyelinunua hana ruhusa ya kuandika Tomnabrae kwenye chupa yake. Kazi hiyo ilikuwa ya Wattie, na kijiko kilikuwa kile cha bati alichokifua baba yangu. Mwaka tisini na mbili duka moja likaandika jina letu kwenye chupa zake na kuziuza nusu ya bei yetu. Wakubwa wakawaka. Duka likajibu: mapipa arobaini yale hayakutiwa kijiko, muulizeni mtu wenu. Basi wakamfukuza Wattie, imebaki miaka miwili apate pensheni, wakatutoa na kwenye nyumba ya kampuni. Alikufa akiwa anapita nyuma ya kanisa asikutane na watu.

Duka hilo ndilo linalokulipa mshahara. Nimenyamaza tangu ulipoajiriwa kwa sababu ulifurahi sana. Makaratasi yao lazima yapo. Yatafute.

Kula vizuri. Kwenye picha ya mwisho mashavu yalikuwa yamebonyea.

Bibi yako,
Elspet Riach


Leeds, 16 Novemba 2003

Bibi yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Huu ndio msimu wetu. Kuanzia sasa hadi mwaka mpya silali nyumbani ila kwa bahati. Mimi ni mzima, nakula, mashavu yako palepale. Kubali hiyo nyonga. Mwambie Nettie nitamnunulia sufuria yake mwenyewe ili yako irudi.

Kuhusu Glen Urlan, umetukamata, lakini hatuibi. Dalali wa Glasgow ananiletea vichupa ishirini vya sampuli, vina namba tu. Tunakaa watu watatu saa nne asubuhi, tunanusa, tunaonja, tunatema kwenye ndoo. Tukiipenda namba saba tunauliza ina umri gani na yapo mapipa mangapi. Kiwanda hatuulizi, na hata tukikijua mkataba unatukataza kukitaja. Kiwanda kina mapipa mengi kuliko wateja na hakitaki watu wajue kinauza rahisi. Sisi tuna wateja na hatuna mapipa. Basi tunanyamaziana. Chupa tunachagua nyepesi, kizibo cha kusokota, tangazo hakuna. Lebo anachora kijana wa ghorofa ya pili ambaye hajawahi kuvuka mpaka kuja huko. Urlan ni jina la mbwa wa shangazi yake.

Lakini sikiliza, Bibi. Mzee mwenye pensheni ndogo anaweza kuweka chupa nzuri mezani Krismasi, na ndani yake ni kazi ya watu kama Babu. Mimi naona fahari kwa hilo. Naomba uamini.

Makaratasi ya zamani yamo kwenye makabati ya chini, na ufunguo anao mkuu wangu, Bwana Antrobus. Sijapata nafasi ya kumwuliza. Baada ya Krismasi nitajaribu.

Nakukumbatia,
Morven


Tomnabrae, 24 Novemba 2003

Morven,

Mvua, nyonga, kuku wanne. Nettie anasema sufuria ya bati hataki, anataka ya chuma.

Naamini fahari yako. Mimi pia ningekunywa hiyo Glen Urlan kama ingekuja na jina lake. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimesoma usichoandika. Antrobus. Jina hilo Wattie alirudi nalo nyumbani siku ile. Ndilo lililotiwa sahihi kwenye ile barua waliyompungia usoni. Huyo ndiye aliyekuwa mnunuzi wenu mwaka tisini na mbili, na wewe umekalia kiti chake cha zamani. Ulijua?

Kama ulijua, sema. Sikukuzaa, lakini nilikubeba mgongoni mama yako alipokufa, na mgongo huo una haki ya kujibiwa.

Bibi


Tomnabrae, 5 Januari 2004

Heri ya mwaka mpya. Aliyekanyaga kizingiti changu wa kwanza mwaka huu alikuwa mtu wa posta, na hakuwa na kitu mkononi.

Shona Leitch anasema mchoraji wa ubao anaanza Aprili.

Elspet Riach


Leeds, 20 Februari 2004

Bibi,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nilikuwa na mafua Januari, yameisha.

Nilijua. Si tangu mwanzo, ila tangu mwaka wangu wa pili hapa. Bwana Antrobus alisimulia mwenyewe kwenye chakula cha jioni cha kazini, kama kichekesho: jinsi alivyowahi kukizidi ujanja kiwanda kimoja cha huko juu. Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa mgeni na yeye ndiye aliyeniajiri. Ndipo akataja jina la kiwanda.

Wiki iliyopita alisafiri na nikapewa funguo. Karatasi ipo. Ni barua yake kwa dalali, Juni 1992. Sikuichukua wala sikuinakili, lakini naikumbuka neno kwa neno: "Kama kijiko kilitiwa au hakikutiwa, hatujui na hatuwezi kujua. Semeni hakikutiwa. Mtunza ghala atathibitishaje?"

Ndiyo hiyo, Bibi. Babu hakufanya kosa lolote. Walibahatisha tu, na kiwanda kikaona ni rahisi kumfukuza mtu mmoja kuliko kugombana na mteja mkubwa.

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikairudisha mahali pake, nikafunga kabati.

Sasa nichukie kidogo, lakini nisikilize. Kuanzia Aprili mimi ni msaidizi wake. Akistaafu, kiti ni changu. Nikiitoa karatasi ile, nitaondoka siku hiyohiyo, na hakuna duka litakaloajiri mnunuzi anayetoa makaratasi nje. Pale tunapojazia chupa wapo wanawake sitini wanaoishi kwa oda zetu. Na Babu hayupo. Hatausoma ubao ule.

Lakini sijakaa bure. Kuna kitu natengeneza kwa ajili yake, kikubwa kuliko ubao. Utakiona majira ya kuchipua. Nivumilie hadi hapo.

Morven wako


Leeds, 18 Aprili 2004

Bibi mpendwa,

Hujanijibu. Nettie kaniambia kwenye simu kwamba uko salama na kwamba sufuria ni yake sasa kwa sababu ya miaka.

Fungua sanduku taratibu. Hiyo ndiyo chupa ya kwanza kutoka kwenye mashine. "Mzee Wattie". Kofia ni yake. Nilimpa yule kijana wa lebo ile picha ya uani. Ni mchanganyiko wa wiski, umri miaka mitatu, pauni kumi na peni tisini na tisa, na itakuwa katika maduka yetu yote, mia nne na zaidi. Nilipigania jina hilo kwenye mkutano. Bwana Antrobus alilipenda sana. Aliniuliza Wattie ni nani, nikasema mzee mmoja wa huko kwetu.

Ubao unasomwa na wageni wa basi, Bibi. Hili litasomwa na nchi nzima.

Andika chochote, hata kunitukana.

Morven


Tomnabrae, 30 Mei 2004

Mjukuu wangu,

Nyonga imebadilishwa. Daktari kanipa fimbo, natumia kwa mbweha. Kuku watatu. Wewe hujambo, nasikia kwa Nettie, ambaye sasa unampigia simu zaidi kuliko unavyoniandikia mimi.

Nimekaa na barua zako mbili mezani tangu Aprili, nimekutukana kwa sauti mbele ya kuku, nimemaliza. Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu aliye hai, na wewe ukae chini.

Februari ya themanini na nne babu yako alishikwa na kichomi. Mapipa arobaini yalikuwa yameshajazwa, dalali anakuja Jumatatu, na vijiko havijatiwa. Wattie aliinuka kwenda, akaanguka mlangoni pake mwenyewe. Nikamrudisha kitandani. Jumapili asubuhi, watu wote wakiwa kanisani, nikavaa koti lake na kofia yake, nikachukua funguo na chupa ya wiski ya kiwanda cha jirani na kijiko cha baba yangu, nikaingia ghalani. Mimi, mwanamke wa mahema, mahali ambapo hata mke wa meneja hakuruhusiwa.

Nikang'oa kizibo cha kwanza. Nikachota kijiko kikajaa. Na pale, Morven, nikamsikia mama yake Wattie. Siku ya harusi yetu alisimama na kijibakuli chake cha krimu akawaambia wageni, nikiwa nasikia, kwamba tone moja la damu ya watu wa mahema litawaharibia ukoo wote wa Riach, hawatakuwa watu wa jina tena. Tone moja. Nimeishi na tone hilo tangu nina miaka ishirini. Na sasa nimesimama na kijiko alichokifua baba yangu, niyaharibie jina mapipa yasiyonikosea kitu. Mkono ulikataa. Nikakirudisha kizibo. Nikakaa juu ya gogo nikainywa ile chupa yote, kijiko kwa kijiko, nikarudi nyumbani naimba, na watu waliokuwa wanatoka kanisani walisema yaleyale waliyozoea kusema.

Wattie akafungua macho. "Elspet, umetia?"

"Nimetia yote arobaini."

Miaka minane baadaye wakamsomea namba za mapipa. Aliyajua papo hapo. Wakamwuliza, "Je, ulitia kwa mkono wako mwenyewe?" Mtu yule hakuwahi kusema uongo hata kwa ng'ombe. Angesema hapana, wangeuliza ni nani, nami ningepelekwa polisi kwa kuingia ghala la ushuru, ambalo ufunguo wake ni mali ya serikali pia. Akanyamaza. Wakauandika ule ukimya kuwa kosa. Alirudi akasimama hapo mlangoni, kofia mkononi.

"Elspet, niambie tu. Ulitia?"

"Wattie, mimi nilitia."

Akasema, "Basi ni sawa." Hakuniuliza tena hadi kufa kwake.

Kwa hiyo Antrobus wako alibahatisha, akapatia. Na mimi nilikutuma uende ukafungue kabati la watu, utoe karatasi, upoteze kazi, ili jina la Wattie lisafishwe pasipo mimi kufungua mdomo wangu. Nilikutaka uwe jasiri mahali pangu. Ulipokataa nilikuona mwoga, na nilikujua vizuri kwa sababu nilikuwa natazama kioo. Uoga ule hukuuokota Leeds.

Nikaona niutoe mimi. Siku tatu kabla ya sherehe ya ufunguzi nilikwenda kwa Shona Leitch nikamwambia yote, mpaka wimbo. Alinisikiliza, kalamu chini. Machozi yalimlengalenga.

"Bi Elspet, unaelewa ulichoniambia? Kwamba alimwachia funguo mtu asiyeruhusiwa."

"Alikuwa na homa. Hakujua jina lake."

"Naelewa. Lakini siku alipoulizwa alijua, na alificha. Ofisini watasema hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mwajiriwa, bibi yangu."

Akanipa chai. Ni binti mzuri, ananikumbusha wewe. Kisha akafunga daftari. Ubao ulifunuliwa Jumamosi ya wiki iliyopita, na wapiga zumari, na mikate ya shayiri bure. Majina hamsini na mawili. Lumsden yumo, meneja aliyemfukuza, ingawa hakuwahi kulisukuma pipa hata kwa mguu. Nimesoma ubao wote, herufi moja moja, kama nilivyofundishwa. Wattie hayumo.

Jana Nettie akanipeleka Elgin, dukani kwenu. Nilimkuta Wattie kwenye rafu ya chini kabisa, karibu na chakula cha paka. Kila chupa imebandikwa karatasi ya njano: pauni nane na peni arobaini na tisa. Nikamwita msichana.

"Binti, hii njano ni ya nini?"

"Imepunguzwa bei, bibi. Haitoki. Umekuja siku nzuri."

"Ibandue."

"Nikiibandua utalipa bei ya zamani."

"Ndiyo."

"Bibi, ni wiski ileile."

"Naijua kukushinda. Bandua."

Akamtazama Nettie, Nettie akatazama chakula cha paka. Basi akaibandua kwa ukucha, pole pole, na kipande kikabaki kwenye kofia. Nikalipa pauni kumi na peni tisini na tisa, nikampakata hadi nyumbani. Yuko juu ya meko, hajafunguliwa. Ukiacha jiwe la kaburi, lebo hiyo ndiyo mahali pekee duniani jina lake limeandikwa, na wewe na mimi ndio tuliomweka.

Njoo mwezi wa nane, viazi vitakuwa tayari. Kitanda chako nimekitandika. Juu ya lile kabati sitakuuliza. Ukiweza siku moja kulifungua, utalifungua kwa ajili yako, siyo kwa ajili yangu.

Humu ndani ya bahasha mna kijiko. Ni chako sasa. Kikorogee chai kila asubuhi kabla hujakaa kwenye kiti kile. Mimi nimekikorogea yangu miaka ishirini, na sukari haijawahi kutosha.

Bibi yako, anayekupenda bila kupunguza,
Elspet Riach